Kuachika hakukuanzia Marekani

Mlioko Tanga, Dar, Mombasa na Bukoba, na wewe kaka yangu wa Muscat unayelalamika kila siku kwamba naandika mara moja kwa mwaka, niseme mwenyewe kabla habari haijawafikia ikiwa imeota mikono na miguu: mimi na mwenzangu tumeachana. Ni mwaka sasa. Hapakuwa na ngumi, hapakuwa na polisi, wala hakuna aliyefumaniwa. Tulichoka, tukaongea, tukanyamaza, mwisho tukagawana vyombo. Hayo yanatosha. Mengine ni ya wawili na sitayaanika hapa.

Kinachonifanya niandike si kuachana kwenyewe. Ni neno moja ambalo nimelisikia kwa watu wanne tofauti tangu habari ianze kuvuja. Mama mdogo kalisema kwa upole, shangazi kalisema kwa ukali, mjomba kalisema katikati ya kuulizia bei ya gari, na shoga yangu mmoja kalisema kwa utani: "Marekani imekuharibu." Wote wanaamini kwamba nyumbani ndoa zilikuwa za chuma, kwamba bibi zetu walivumilia hadi kaburini, na kwamba talaka ni ugonjwa ambao sisi wa ughaibuni tuliupata pale uwanja wa ndege, tulipogongewa mhuri kwenye pasipoti.

Jamani, hapana. Mwaka huu nimekuwa na usiku mwingi wa kukaa macho. Kazi yangu ya kulea wazee ni ya usiku, na hata siku nisipokuwa zamu mwili umeshazoea kukesha. Basi nimesoma. Nimeazima vitabu vya historia ya kwetu katika maktaba za huku, na nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuwaona bibi zetu kwa sura nyingine kabisa. Leo nataka niwagawie nilichokikuta. Mchukue chai, maana ni maneno marefu.

Tuanze Unguja. Yupo asiyemjua Siti binti Saad? Tunamjua kama mama wa taarabu, sauti iliyotoka Zanzibar ikaenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, sahani za santuri zikachezwa pwani nzima na mpaka bara. Lakini tunasahau alivyofika mjini. Alizaliwa kijijini Fumba karibu mwaka 1880, katika familia iliyotoka utumwani. Alikuwa mfinyanzi, akiuza vyungu mjini. Aliolewa, akapata mtoto, ndoa ikavunjika. Mwaka 1911 akahamia mjini, mwanamke aliyeachika, hana mali, hana ukoo wa kujivunia, hajui kusoma. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kejeli juu ya sura yake na asili yake. Yeye akawajibu kwa wimbo. Shaaban Robert, yule yule tuliyemsoma darasani, aliona maisha ya mwanamke huyu yanastahili kitabu na akaandika wasifu wake.

Sasa niambieni, kama Siti angeambiwa "vumilia mwanangu, rudi kwa mumeo Fumba", leo tungekuwa na nini?

Na baada yake Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti na kuziimba mpaka uzeeni. Kwa masimulizi yake mwenyewe aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili hazikukaa. Aliondoka kwa miguu yake, akazunguka na ngoma, akarudi Unguja. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 kule Bububu, marais na watu wa kawaida walimlilia pamoja. Sikusikia mtu akisema msibani kwamba Marekani ilimharibu Bi Kidude.

Mtaniambia hao ni wasanii, na wasanii wana mambo yao. Haya, twende kwenye siasa. Mwaka 1955 TANU ilikuwa changa, na ilihitaji wanawake. Aliyepewa kazi ya kuwaleta alikuwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1926, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Aliolewa akiwa binti mdogo, akazaa mtoto mmoja, Halima, ndoa ikavunjika, na baadaye akaolewa tena. Bibi Titi alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake mtaa kwa mtaa, na katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi za TANU. Mwanahistoria mmoja, Susan Geiger, aliwatafuta wanawake hao wakiwa wazee, akawahoji, na mwaka 1997 akachapisha kitabu juu yao. Wengi walikuwa watu wa makamo, Waislamu, waliosoma shule kidogo au hawakusoma kabisa, na wengi walikuwa wamewahi kuolewa na kuachika. Walikuwa na muda wao, walikuwa na senti zao za maandazi na za kupangisha vyumba, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kwenda mkutanoni Mnazi Mmoja.

Kwa hiyo, wapendwa, uhuru tunaousherehekea kila Desemba 9 ulibebwa pia na wanawake walioachika. Kumbukeni hilo mkipita barabara ya Bibi Titi mkiwa kwenye foleni.

Nairobi nako hivyo hivyo. Kabla ya vita vya pili vya dunia palikuwa na mtaa wa Waafrika ulioitwa Pangani (Pangani ya Nairobi, si Pangani yetu ya Tanga), na baadaye Pumwani. Watafiti kama Janet Bujra na Luise White wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba mle walikuwa wanawake. Baadhi yao walikimbia ndoa huko kwao, wakaja mjini, wakafanya kazi za kila aina, nyingine za heshima na nyingine za kusemwa, wakajenga vyumba vya udongo na kupangisha. Wengi walisilimu, wakapata jina jipya, dini mpya na ndugu wapya. Nyumba ya mwanamke mmoja ikawa mlango wa mwingine aliyekuwa njiani anakuja.

Na Mombasa ndiyo usiseme. Kuna kitabu ambacho wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje, Bi Mishi na Bi Shamsa, wanasimulia maisha yao kwa Sarah Mirza na Margaret Strobel. Humo kuolewa, kuachwa na kuolewa tena vinasimuliwa kama watu wanavyosimulia masika na kiangazi. Si kwamba hawakuumia. Waliumia. Lakini hakuna anayesema maisha yake yaliisha siku ile. Tena mtafiti mwingine, Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, aliandika mwaka 1998 kwamba wengi wa waliofungua madai mle walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Yule mwanamke wa pwani tunayemchora, mwenye kunyamaza na kuvumilia tu, kumbe alikuwa anaijua njia ya kwenda kwa kadhi vizuri sana.

Nami nilipofika hapo nikakumbuka bibi mzaa mama. Aliolewa mara tatu. Sote tunajua, na hakuna aliyewahi kumwita ameharibika. Babu wa kwanza tulimwita babu, wa pili babu, wa tatu babu, na siku ya Idi wote watatu tuliwapelekea mkono wa Idi. Shangazi, wewe ulikuwepo.

Basi kama ndoa zetu zilivunjika tangu zamani, mbona bibi zetu hawakuvunjika? Hili ndilo swali lililonikosesha usingizi. Jibu nililolipata ni kwamba kitu imara kwetu hakikuwa ndoa. Kilikuwa mahali pa kurudi.

Fikirini eda. Sisi tunaiona kama sheria ya kuhesabu siku, mwenye kuachwa tohara tatu, mwenye kufiwa miezi minne na siku kumi. Lakini tazameni inavyofanya kazi. Kwanza, talaka ikiwa ni ya kurejeana, mke hatolewi nyumbani siku ile ile. Anakaa humo, analishwa, hasira zinapoa, na njia ya kurudiana iko wazi. Pili, kila mtu mtaani anajua yuko edani. Hana haja ya kueleza. Shoga zake wanakuja, somo yake anakuja, wanamsuka, wanamcheka, wanamletea habari. Na siku zikiisha, zimeisha. Anatoka. Kuna siku maalumu ambayo huzuni inapewa ruhusa ya kuondoka. Hata wasiokuwa Waislamu kwetu wana mambo yao yanayofanana na hayo, wazee wa pande mbili kukutana, mahari kuzungumzwa nini kirudi na nini kisirudi, binti kufuatwa na kaka zake na mizigo yake kubebwa kichwani mchana kweupe.

Tena tumeiona mahakama ya huku. Mimi niliingia kwenye sheria za Maryland nikidhani nitakuta kitu kipya cha kizungu. Nilikuta eda! Mpaka tarehe 30 Septemba 2023, njia ya kawaida kwa wasio na kesi ya makosa ilikuwa kuishi mbalimbali miezi 12 mfululizo. Tangu Oktoba 1, 2023 sheria imebadilika: ni miezi sita, na mnaweza kuihesabu hata mkiwa chini ya paa moja, mradi kila mtu anaishi maisha yake. Ziko njia nyingine pia, kama kukubaliana wote wawili. Kwa kodi za nyumba za eneo hili la Washington, hiyo habari ya paa moja ni huruma kubwa, maana wengi hawana uwezo wa kupanga nyumba mbili. Sisi wenyewe tulikaa hivyo, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, jokofu limegawanywa kwa rafu. Nikawa nawaza, wazee wetu wa pwani walilijua hili karne nyingi kabla ya bunge la Annapolis: mpe mtu muda, na usimtupe nje.

Tofauti ni kwamba eda ya Maryland ni ya karatasi. Hakuna shoga anayekuja kukusuka. Jirani hajui kama uko ndani ya miezi sita au umetoka. Siku ya mwisho inakuja bahasha, basi.

Na hapo hapo niwape jambo la kujivunia, hasa wewe mjomba unayesema sheria hizi ni za Wazungu. Jimbo la California lilianza kuruhusu talaka bila kumtafuta mwenye kosa tarehe 1 Januari 1970. Aliyeweka sahihi mwaka 1969 alikuwa gavana Ronald Reagan, ambaye mwenyewe alikuwa ameshaachana na mke wake wa kwanza mwaka 1949. Sasa Tanzania Bara ilipata Sheria ya Ndoa mwaka gani? 1971. Na sheria yetu haikuuliza kwanza nani mkosaji. Iliuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili na kutelekezwa vikawa ushahidi wa kuvunjika huko. Juu yake ikaongeza vitu viwili vyenye harufu ya kwetu kabisa: mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na msiombe talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Maryland iliendelea na vipengele vya makosa kama uzinzi mpaka mwaka 2023. Kwa hiyo si kweli kwamba tulisubiri Marekani itufundishe kuachana.

Hata hayo ya Marekani kuvunja ndoa kila siku yamepitwa na wakati. Kiwango cha talaka huku kilifika kilele karibu mwaka 1981, talaka 5.3 kwa kila watu 1,000. Mwaka 2022 kilikuwa 2.4. Chini ya nusu. Mnaoangalia filamu za zamani, poleni.

Sisemi kwamba enzi za bibi zilikuwa pepo. Wapo walioachwa wakatoka na kanga mbili na sufuria. Wapo waliobakiza watoto kwa mume na kuwaona kwa kuibia. Ndiyo maana ile kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ina maana kubwa kwangu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani za mke, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakivutana kama kazi hizo zinahesabika. Yeye mwenyewe Bi Hawa hakupata mgao siku ile, maana mahakama ilisema alishapewa mtaji na mumewe akautapanya. Lakini mlango alioufungua, wanawake wa Tanzania wameupitia mpaka leo. Fikirini, mtu anashindwa kesi yake na bado anawashindia wengine.

Sasa nije kwa mtu ambaye nimemuwaza kuliko wote, kwa sababu alikuwa mdada wa ughaibuni kabla yetu sote. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jirani yake wa Mji Mkongwe. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, alitoroka kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Mwaka 1867 alibatizwa, akafunga ndoa, wakaenda Hamburg. Miaka mitatu tu. Mwezi Agosti 1870 mumewe aliumia kwa ajali ya tramu ya farasi, akafa. Salme akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, lugha haijakaa vizuri mdomoni, pesa zinayeyuka.

Yeye hakuachika, alifiwa. Lakini tazameni kilichomtesa miaka 54 iliyobaki. Alifiwa na mume mara moja, na nyumbani alikataliwa mara kwa mara. Alirudi Unguja mwaka 1885, kaka yake Sultani Barghash hakumpokea wala kumpa urithi. Alirudi tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, hakufanikiwa. Akaenda kuishi Beirut miaka mingi, karibu na lugha ya Kiarabu na jua, lakini si nyumbani. Alifariki Ujerumani mwaka 1924, na inaelezwa kwamba alizikwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Binti wa mfalme, mwenye mashamba ya karafuu, na mwisho wake nyumbani kwake ni mchanga wa kushika mkononi.

Mwekeni Salme upande mmoja na Siti upande mwingine. Huyu alizaliwa ikulu, yule katika familia ya watumwa. Wote wawili walibaki bila mume wakiwa vijana. Siti alipata mji uliompa walimu, wapiga udi, na majirani wa Ng'ambo waliojaa barazani kumsikiliza. Salme hakupata. Tofauti yao haikuwa mume.

Hata ardhi hii ninayoikanyaga inasema hivyo hivyo, kwa uchungu zaidi. Temple Hills iko wilaya ya Prince George's, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Washington. Leo ni mahali pa Waamerika weusi wenye kazi zao na nyumba zao za matofali. Lakini mwaka 1860, zaidi ya nusu ya wakazi wa wilaya hii walikuwa watumwa, ndiyo wilaya iliyokuwa na watumwa wengi kuliko zote Maryland. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272, wengine wakiwa wa shamba lao la White Marsh humu humu wilayani, wengi wao wakapelekwa Louisiana. Frederick Douglass, ambaye nyumba yake ya Cedar Hill iko dakika chache kwa gari kutoka kwangu, alitenganishwa na mama yake akiwa mchanga. Vita vilipoisha mwaka 1865, watu waliotoka utumwani walitangaza magazetini kwa miaka mingi: namtafuta mke wangu, namtafuta mama, aliuzwa mwaka fulani kwa fulani. Makanisa yalisoma matangazo hayo Jumapili.

Mimi sikuuzwa wala mume wangu hakuuzwa. Tulikaa mezani tukaamua. Nikiyakumbuka hayo, huzuni yangu inapata kipimo chake. Nimejifunza pia kwa nini majirani zangu wazee wa mtaa huu hawaulizi "mumeo yuko wapi", wanauliza "una watu?"

Una watu. Hilo ndilo lililonikuta mwezi wa tatu, nilipokwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa goti. Fomu iliuliza jina la mtu wa kupigiwa simu likitokea lolote, na tena awe mtu wa kuja kunichukua, maana ukipewa dawa ya usingizi hawakuachi utoke peke yako. Miaka yote niliandika jina moja bila kufikiri. Safari hii kalamu ilisimama. Ningemwandika mama mdogo aliyeko Tanga? Saa saba za tofauti, na hawezi kuja na gari. Mwisho nikaandika jina la mama mmoja wa Kiamerika, jirani wa mlango wa pili, mwenye miaka sabini na kitu. Nikamgongea jioni ile kumwomba ruhusa. Alicheka, akaniambia nimechelewa kuuliza. Alikuja na kiti cha kukunja na chupa ya supu, akakaa mpaka nikatoka.

Mnataka kujua maisha ya upweke yakoje? Si kama mnavyodhani. Sishindi nalia. Nilikuwa nalia mwanzoni, hasa dukani, sijui kwa nini dukani, mbele ya mchele. Sasa naumia kwenye vitu vidogo. Ugali wa mtu mmoja hauna kipimo, ama ni mdogo mno ama nautupa. Jumamosi jioni simu za huku hazilii na za kwenu mmeshalala. Rafiki wa wawili wamegawanyika kama vyombo, wengine upande wake, wengine upande wangu, na wengine hawakutaka kuchagua wakapotea. Lakini pia nimelala katikati ya kitanda. Nimeanza kusoma tena. Senti yangu naijua inakokwenda. Jumapili nafundisha Kiswahili watoto wanne wa Kitanzania na Kikenya sebuleni kwangu, na mama zao wanabaki jikoni wanapika na kusengenya, na mmoja wao naye yuko katika miezi yake sita. Tunamsuka.

Nawaza pia kaka zetu wa huku. Wanawake angalau tuna jikoni. Mwanaume akiachana, anahamia chumba cha kupanga, anaongeza zamu ya pili, anawaambia nyumbani "kazi nyingi tu". Wazee wetu walikuwa na baraza, bao na kahawa, mtu anakaa bila kuulizwa, na kimya chake kinaeleweka. Huku baraza hakuna. Kama una kaka ughaibuni ambaye ghafla amekuwa na kazi nyingi, mpigie.

Kuna methali mnayopenda kunitumia: mchuma janga hula na wa kwao. Mnaitumia kama onyo, kwamba nitawaletea aibu. Mimi siku hizi naisikia vingine. Kumbe mwenye janga ana wa kula naye. Wazee hawakusema atafukuzwa, wala hawakusema atakula peke yake Temple Hills.

Kwa hiyo nawaomba, nikija Desemba, msinipokee kama maiti na msinipokee kama bibi arusi anayetafutiwa mchumba wa pili. Mama mdogo, kile chumba cha uani ambacho bibi alirudi mara mbili na magunia yake, nasikia mnataka kukigeuza stoo ya simenti. Naomba kibaki chumba. Si kwa ajili yangu tu. Wapo mabinti na wajukuu wanaokua humo ndani, na hatujui ni nani kati yao atakuja kubisha hodi usiku na begi lake.

Shangazi, mwaka wa bibi kuachana na babu wa pili siukumbuki, ila wewe unao kichwani. Niandikie, na niambie nani alikwenda kumfuata na walirudi kwa basi gani. Nataka watoto wangu wa Jumapili wajue.